Masika ya Kutu ya Kijani

3 Machi

Kitabu hiki nimekikuta chini ya sanduku la vikorokoro nililonunua mnadani, kimelala katikati ya saa mbovu, vifungo vya makoti na funguo zisizo na makufuli. Ni shajara ya mwaka ambao hata mama yangu alikuwa bado anabebwa mgongoni, na hakikuandikwa hata herufi moja. Siku za juma zilizochapwa humu haziafikiani na za sasa, kwa hiyo nitafuata tarehe tu, na Jumatatu ijijue yenyewe.

Mume wangu anasema mtu anayetengeneza hereni kwa magurudumu ya saa za watu waliokufa hakosi kuandika kwenye kitabu chao. Nimemwambia hao ndio wauzaji wazuri, hawapandishi bei. Mawingu yametanda tangu asubuhi.

5 Machi

Wifi amekuja, yaani dada wa mume wangu, yule anayeuza pilipili za siki kwenye mitungi. Paa la chumba chake linavuja, na mwenye nyumba ameahidi kuliziba mvua zikikatika, kana kwamba linavuja kiangazi. Amekuja na begi moja la nguo na mitungi isiyo na idadi. Chumba cha nyuma, ambacho ndicho karakana yangu, sasa tumegawana: upande wa dirisha meza yangu, upande wa ukuta rafu yake.

"Nimekubana, wifi yangu," akasema.

"Unibane wapi, na nyumba ni ya kaka yako."

Nilisema nikitabasamu. Tabasamu lilikuwa la meno tu, roho haikuwemo. Mwanamke huyu kila akija anapanga vijiko vyangu upya, na safari hii hajasema anaondoka lini.

6 Machi

Mvua.

9 Machi

Leo nimepata kazi ya maana. Amekuja mama mmoja wa makamo, koti limenyooka na sauti imenyooka zaidi. Aliona hereni zangu za vifungo kwenye meza ninayoweka barazani kwa mwenye duka la vitambaa, mtaa huu huu, akaulizia nyumba.

"Mimi ndiye mkubwa kwetu," akaanza. "Tuko watatu, wote wanawake. Ajenda yangu ni moja."

Nikambatiza hapo hapo: Mwenyekiti.

Ajenda yenyewe hii. Mama yao alifariki mwaka jana, akaacha mfuko mdogo wa mapambo yake. Mna mkufu wa shaba uliopakwa dhahabu, umekatika. Mna shanga za kioo za buluu, vifungo vya gamba la chaza vya gauni lake la ujana, na kitana cha kubania nywele. Mdogo wao wa mwisho anaolewa mwanzoni mwa Mei. Nivichanganye vitu hivyo, nitoe mikufu mitatu inayofanana, waivae siku ya harusi.

"Na kitana?" nikauliza.

"Ukikate vipande vitatu sawa. Kila mkufu uwe na kimoja katikati."

Nilikishika kitana nikakiinua dirishani. Rangi ya gamba la kasa, kahawia na asali zimeingiliana, meno marefu, mgongoni kimechongwa majani. Siyo gamba la kweli, ni plastiki ya zamani, ile iliyokuwa ikitengenezwa kwa uangalifu. Nikamwambia kitu kama hiki kukikata ni dhambi.

"Kila mmoja wetu anakitaka," akasema. "Kikibaki kimoja tutagawanyika. Kikiwa vitatu tutabaki ndugu." Kisha sauti ikashuka kidogo. "Mimi na anayenifuata hatuzungumzi tangu mazishi. Tulitupiana maneno mbele ya wageni, kwa ajili ya hicho kitana. Harusi inakuja na bibi harusi analia kila siku, hajui atusimamishe wapi."

Alipofika mlangoni akageuka. "Vitunze sana. Hatuna mama mwingine wa kutuachia vingine."

Tangu aondoke, maneno hayo hayajanitoka masikioni.

11 Machi

Mvua hizi zina unyevu wa kuozesha hata chuma. Nimechukua lile kopo langu kubwa la biskuti lenye mfuniko wa kubana, nikaweka ndani mfuko wa yule marehemu pamoja na shaba zangu zote nzuri na hereni zilizokwisha, nikazungushia utepe pembeni mwa mfuniko hewa isiingie. Kitana nimekifunga kwa karatasi laini nikakilaza juu kabisa, kama mgeni wa heshima. Sasa mvua inyeshe itakavyo.

14 Machi

Nimeuza vizuri leo. Binti mmoja amenunua hereni za magurudumu ya saa, akajitazama kwenye kioo cha duka mpaka mwenye duka akamwambia kioo hakiuzwi.

17 Machi

Mvua. Wifi amepanga vijiko.

19 Machi

Amekuja yule wa kati. Sikuhitaji kuambiwa, ana paji la uso la Mwenyekiti, ila macho ni laini. Alisimama barazani anachuruzika maji, nikamwingiza karakana nikampa taulo.

"Dada hajui kama nimekuja," akasema.

"Nami sijauliza."

Akaomba kukiona kitana. Nikafungua kopo, nikamfunulia karatasi. Hakukishika, alikitazama tu. Akaniambia asubuhi za shule mama yao alikuwa akimweka katikati ya magoti, anamchana, anambania nywele kwa kitana hicho kwa mzaha, halafu anakichukua anakirudisha kichwani kwake mwenyewe. Dada alikuwa tayari mkubwa, anajichana. Mdogo alikuwa hajazaliwa. "Ni changu," akasema. "Sijui kueleza vingine. Usikikate. Nipe mimi, na dada umwambie kimevunjika."

Alikuwa analia bila sauti. Roho iliniuma, lakini nilimwambia ukweli: nikimwambia mteja kitu kimevunjika, kiwe kimevunjika.

Akafuta uso. "Basi angalau usifanye haraka kukikata."

Hilo nilimkubalia, maana mimi mwenyewe naogopa. Wifi alikuwa anamenya vitunguu saumu kwenye upande wake, na mgeni alipotoka akasema, "Watu wanagombea kitana kumbe wanagombea magoti ya mama yao." Nilijifanya sijasikia, kwa sababu lilikuwa jambo la akili na sikutaka litoke kwake.

22 Machi

Nimechukua msumeno mdogo, nikakiweka kitana mezani, nikaurudisha msumeno. Nitaanza na shanga. Kitana kina jasho jasho mgongoni. Unyevu huo. Nimekipangusa nikakifunga tena.

26 Machi

Binti wa magurudumu ya saa amerudi. Masikio yamemvimba, na hereni zimeota kutu ya kijani kwenye kingo kana kwamba zimekaa kisimani. Nimemrudishia pesa na kumwomba radhi mbele ya watu, na mwenye duka la vitambaa akajifanya anakunja kitambaa kilichokwisha kunjwa. Miaka yote hii shaba yangu haijawahi kumdhuru mtu. Naisugua, naipaka nta, naing'arisha. Nimerudi nyumbani kichwa kinawaka moto.

27 Machi

Si zile tu. Pete mbili na bangili ya ufunguo nazo zina kijani. Zote nimezitoa kwenye kopo.

29 Machi

Nimejua ni nini. Nimeingia karakana asubuhi, nikavuta pumzi, pua nzima siki. Siki mezani, siki kwenye mapazia, nadhani hata kwenye nywele zangu. Shaba nimeishi nayo vizuri miaka kumi, anakuja mtu na mitungi yake, mwezi haujaisha shaba inaoza. Mtoto mdogo angejumlisha.

Nimemwambia mume wangu. Ameendelea kukaza skrubu za redio ya jirani. "Mitungi ina vifuniko," akasema.

"Siki haina adabu, inapita."

"Mwambie mwenyewe basi, taratibu."

Taratibu. Hajui kwamba hilo neno mimi nilizaliwa limeshakwisha.

2 Aprili

Leo nimefungua kopo ili nianze mikufu.

Mkufu wa marehemu umeota kijani kwenye kila kiungo. Vifungo vya chaza, vilivyokuwa vinameta, vimepauka, na nilipopitisha kidole juu ya kimoja ukatoka unga mweupe. Shanga za kioo peke yake zimesalimika. Kitana nacho kimelowa jasho na kimeanza kupinda. Kila kitu alichoacha yule mama kinaliwa, na kinaliwa mikononi mwangu, mimi niliyeambiwa nivitunze.

Kwanza nililia. Halafu nikakasirika, na hasira ni hasara, ila siku hiyo hiyo huijui hasara yake.

Nilimkuta wifi anajaza pilipili kwenye mitungi. Nikamwambia yote, na si taratibu. Nikamwambia siki yake imeniharibia kazi, imenifedhehesha mbele ya watu, na sasa imekula vitu vya marehemu ambavyo haviuzwi dukani. Nikamwambia mgeni hupewa jembe siku ya tatu, yeye kapewa rafu nzima na bado hajui kushukuru.

Alifunga mtungi aliokuwa ameushika, akaukaza vizuri. "Umenusa mtungi gani ukaona unavuja?" akauliza.

"Sihitaji kunusa, chumba kizima kinanuka."

"Mimi nanusa siki tangu nilipoachika. Mitungi yangu haivuji."

"Kwa hiyo shaba inajioza yenyewe?"

Alipanga mitungi kwenye ndoo, akabeba begi lake. Mume wangu alisimama ukumbini kama mtu aliyeombwa achague mguu wa kukatwa. Wifi alimpita akamwambia, "Kaka, paa linavuja upande mmoja tu, nitalala upande mwingine." Akatoka mvuani.

3 Aprili

Nimenunua kopo jipya, zito zaidi. Nimesugua mkufu kwa brashi laini, nikaukausha, nikaurudisha na vifungo, kitana na kila kitu, nikazungushia utepe mara mbili. Mume wangu anakula kimya.

5 Aprili

Mvua. Vijiko viko nilivyoviweka mimi, na sioni raha yake.

9 Aprili

Karakana bado inanuka siki.

Nimefua mapazia. Nimepiga deki. Nimesugua rafu yake kwa sabuni mpaka mbao zimebadilika rangi. Mume wangu ameingia, akanusa, akanitazama, akatoka. Angesema neno ningeshukuru.

10 Aprili

Nimechungulia kwenye kopo. Kijani kimerudi, tena kwa kasi. Vifungo viwili vya chaza vimepasuka. Harusi iko karibu, na sijui la kumwambia Mwenyekiti.

12 Aprili

Wifi amekuja asubuhi kuchukua boksi la vifuniko alilosahau. Nilikuwa mezani. Alisalimia kama anavyosalimiwa karani wa benki, akachukua boksi lake, na alipofika katikati ya chumba akasimama. Pua ikainuka.

"Nani ameleta siki humu?" akauliza.

"Ni yako. Imebaki ukutani."

"Hii si yangu." Akaweka boksi chini. "Yangu ina kitunguu saumu, ina pilipili, ukiivuta inakupiga hapa," akagusa katikati ya macho. "Hii ni kavu. Haina chakula ndani yake. Hii ni siki ya kitu kisicholiwa."

Nilitaka kumjibu vibaya, lakini alishaanza kazi. Alinusa pazia, akatikisa kichwa. Akanusa rafu, akanusa droo ya uzi, droo ya waya, sanduku la saa mbovu. Mimi nilisimama na koleo mkononi kama askari aliyesahauliwa na jeshi lake. Akafika kwenye kopo, akainama, akarudisha kichwa nyuma.

"Fungua."

Nikakata utepe. Harufu iliyopanda ilitutoa machozi sote wawili. Akatoa kitu kimoja kimoja: mkufu, akaunusa, akauweka kando. Vifungo, kando. Shanga, kando. Kisha akafunua ile karatasi laini, akashika kitana kwa ncha za vidole, akakipeleka puani.

"Huyu hapa," akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako, wifi yangu. Wewe umekivisha na karatasi."

Nilikaa chini. Kitana kilikuwa kimejaa matone madogo mgongoni, meno yamejikunja, na nilipokigusa kilikuwa na ulaini wa kuchukiza. Plastiki ile ya zamani ilikuwa inaoza, inatoa siki yake yenyewe, na mimi nilikuwa nimeifungia chumba kimoja na shaba na chaza, nikaziba kila upenyo. Utepe wangu, mfuniko wangu wa kubana, huruma yangu yote ndiyo iliyofanya kazi. Kama ningeviacha vyote kwenye sahani mezani, pengine visingefika hapo.

Nikamwambia wifi, "Nisamehe. Nilikukosea, na nilikukosea kwa sauti kubwa."

"Nimesikia," akasema. "Sasa sema tena kwa sauti ile ile, kaka yangu asikie."

Nikasema tena. Mume wangu akajibu kutoka sebuleni kwamba amesikia, na kama haitoshi, jirani naye amesikia. Wifi akaanza kucheka, nami nikacheka na kulia pamoja. Sikumbuki lini mara ya mwisho roho yangu ilikuwa nyepesi hivyo huku kazi yangu yote imeharibika.

13 Aprili

Wifi hataki tuamini pua peke yake. Tumeweka kitana kwenye mtungi wa kioo pamoja na gurudumu la saa lililong'arishwa, tukafunga. Gurudumu jingine tumeliweka kwenye rafu, katikati ya mitungi ya pilipili. Ndiyo, mitungi imerudi, na mwenyewe pia. Nilimfuata jana jioni. Chumbani kwake kulikuwa na ndoo chini ya paa, kitanda kimesukumwa kwenye kona, blanketi limelowa upande. Alikuwa amelala hivyo kwa sababu yangu. Niliona aibu ambayo siwezi kuiandika vizuri.

16 Aprili

Gurudumu la mtungini ni kijani kabisa. La kwenye rafu linang'aa. Wifi ameliinua juu akazunguka nalo nyumba nzima.

18 Aprili

Sasa nimekalia kuti kavu upande mwingine. Kitana leo kimekatika mgongo chenyewe ndani ya mtungi, bila kuguswa, na meno yanabanduka. Hakikatiki kwa msumeno, hakigundishwi, hakivaliki. Kitu pekee kilichobaki kumwambia Mwenyekiti ni neno moja: kimevunjika.

Na neno hilo ndilo yule wa kati aliloniomba nidanganye. Mwenyekiti akilisikia atajua mdogo wake alipita hapa, na ataona nimempa. Ndugu wale watatengana kabisa kwa sababu yangu, na bibi harusi asimame katikati. Nimeomba ushauri ndani ya nyumba. Mume wangu amesema mficha maradhi, kilio humuumbua. Wifi amesema nimwambie Mwenyekiti vyote, hata lile la mdogo wake kuja. "Ukificha nusu," akasema, "nusu uliyoitoa nayo haitaaminika."

20 Aprili

Naosha, nakausha, nasugua. Mkufu unaitikia. Chini ya kijani, shaba ni nzima, imebaki na makovu madogo tu. Nimeupaka nta na kuuacha wazi mezani, upigwe hewa.

21 Aprili

Mvua, ila nyepesi.

24 Aprili

Vifungo vya chaza: vilivyopasuka nimeviacha, vilivyobaki nimevisugua kwa kitambaa na subira mpaka mng'ao umerudi chini ya ule unga. Vimetosha. Vimetosha kwa mikufu yote mitatu! Nilivipanga nikavipanga tena kwa kutoamini, wifi akaniambia nikivihesabu zaidi vitachoka.

28 Aprili

Nimemaliza. Shanga za buluu pembeni, shaba katikati, na pale palipopaswa kuwa na kitana nimeweka kifungo kimoja kimoja cha gauni la mama yao. Imependeza kuliko nilivyostahili. Mwenyekiti amepiga simu kwamba wanakuja tarehe mbili. Sikumwambia la kitana kwenye simu, kitu kama hicho kinasemwa uso kwa uso.

30 Aprili

Sijaandika kitu cha maana kwa sababu sifikirii kitu kingine. Binti wa masikio alipita mezani barazani, masikio yamepona, akanunua bangili ya shanga za kioo. "Haina shaba?" akauliza. Nikamwapia.

2 Mei

Wamekuja asubuhi, Mwenyekiti na bibi harusi. Huyu mdogo ni mchangamfu lakini amechoka, anamtazama dada yake kabla ya kusema lolote. Nilitandaza kitambaa cheusi mezani nikailaza mikufu yote mitatu. Bibi harusi alifunika mdomo kwa mkono. Mwenyekiti aligusa vifungo kimoja kimoja, na midomo yake ikacheza kama anayesali.

Kisha akauliza, "Kitana kiko wapi?"

Nilikuwa nimetunga hotuba nzima. Yote ilikimbia. "Kimevunjika," nikasema.

Uso wake ulifungwa. "Amekuja hapa."

"Dada," bibi harusi akaanza.

"Nyamaza. Amekuja hapa akamwambia aseme kimevunjika. Namjua, nimemlea."

Niliona njia mbili, na ya uongo ilikuwa fupi zaidi. "Amekuja," nikasema. "Aliniomba hivyo hivyo unavyosema, nikamkatalia. Halafu kitana kikavunjika chenyewe, kwa ugonjwa wake. Najua inavyosikika. Ningekuwa wewe, nisingeniamini."

Wifi alikuwa kwenye upande wake wa chumba. Hakuitwa. Alichukua mtungi wa kioo, akauweka mbele ya Mwenyekiti. "Fungua, mama. Nusa. Kisha uamue mwenyewe."

Alifungua, akarudisha kichwa nyuma, akasogea tena kutazama. Mlikuwa na vipande vya kahawia vilivyojikunja, meno yamemwagika chini, na gurudumu la saa limevaa kijani. Nilimweleza kila kitu: kopo, utepe, shaba, jinsi kitana kilivyokuwa kinakula vitu vingine, jinsi nilivyomsingizia wifi yangu. Sikujitetea. Nikamwambia plastiki za namna hiyo zikianza kuoza hakuna dawa, na wakikaa nacho kitakula na hii mikufu.

"Hakiunganishiki?"

"Hakiunganishiki."

"Kwa hiyo yeye hanacho."

"Hanacho."

"Na mimi sinacho."

"Huna."

Nilisubiri matusi, nilikuwa nimejiandaa kuyapokea yote. Bibi harusi aliushika ukingo wa meza. Mwenyekiti akafunika mtungi taratibu, akashusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo.

"Afadhali," akasema. Halafu tena, kwa sauti isiyo ya mkutano: "Afadhali. Tangu mama aondoke kila nikilala nagombana na huyu anayenifuata kichwani. Na kila nikishinda, naamka sina mdogo wangu."

"Alipokuja kukuomba," akaniuliza, "alikuwaje?"

"Alikuwa analia."

Akamgeukia bibi harusi. "Mpigie." Kabla huyu hajaishika simu vizuri, akamnyang'anya akapiga mwenyewe. "Ni mimi. Usikate. Kitana kimekufa, hakuna wa kukipata, si mimi si wewe. Njoo uvae mkufu wako." Akasikiliza. Akasema, "Ndiyo. Njoo tu."

Wa kati anakaa upande wa pili wa mji, nami nilikuwa naenda kuweka maji ya chai, maana angechelewa. Sikufika jikoni. Mlango uligongwa. Nilipofungua alikuwa amesimama pale, gauni limelowa mpaka magotini, simu bado iko mkononi.

"Umefikaje?" Mwenyekiti akauliza kutoka ndani.

"Nilikuwa hapo barazani, kwenye duka la vitambaa. Tangu asubuhi." Alimtazama mdogo wao, ambaye ndiye aliyemwambia siku ya kuja kwao. "Sikuja kugombana. Nilitaka niwaone tu mkitoka."

Mwenyekiti alichukua mkufu mmoja mezani, akamsogelea, akamgeuza mgongo, akaanza kumfungia. Kindoano ni kidogo, akakikosa, akakikosa tena. Niliinuka nimsaidie, wifi akanivuta kwa gauni nikakaa.

Hatimaye kikashika. Mwenyekiti aliacha mikono yake juu ya mabega ya mdogo wake, akamgeuza amwangalie usoni.

"Umekonda," akamwambia. "Unakula kweli wewe?"

Mimi na wifi tulitoka tukawaachia chumba.